Jalada Kichwa Chini

Nyie mnaosimama kila asubuhi mbele ya vibanda vya sahani za filamu karibu na stesheni, mkibishana shujaa gani ni mkali kuliko mwenzake, nimewasikia. Sikukusudia. Napita hapo nikienda sokoni, na masikio hayana mlango. Juzi mmoja wenu alisema filamu fulani ni nzuri kwa sababu wanakufa watu wengi. Mwenzake akampinga vikali: si nzuri hivyo, kuna nyingine wanakufa wengi zaidi. Mkapeana mikono, mjadala ukaisha. Mnunuzi wa mahindi kule Kaniama huingiza mkono ndani ya gunia kabla ya kusema lolote. Nyinyi mnahesabu magunia tu.

Nina umri wa miaka thelathini na ushei, na nimestaafu. Chekeni, mkimaliza tuendelee. Kazi yangu ilikuwa kuhukumu filamu, hapa hapa Kamina, tangu mwanzo wa miaka ya tisini mpaka ilipofia mikononi mwangu wakati wa vita. Hakuna aliyenipa cheti. Kifaransa nilijifundisha kwa kusoma migongo ya majalada ya kaseti, neno moja moja, nikisaidiwa na kamusi iliyong'olewa kurasa za mwanzo. Mpaka leo nina mashaka na kila neno linaloanza na A. Nawaambia mapema ili mjue ni mtu wa aina gani anayewadharau.

Ukumbi ulikuwa wa Maman Numbi, mama wa kwaya ya Wamethodisti, mwenye televisheni kubwa, deki ya video, jenereta yenye kikohozi, na sebule ambayo ukuta wake wa kati aliubomoa ili mabenchi yaingie. Kwake kulikuwa na desturi ambayo sijaisikia penginepo. Filamu ikiisha, mlango haufunguliwi. Kwanza mtu mmoja anasimama kando ya televisheni na kutoa hukumu, wote wakisikiliza. Akisema filamu imesimama, jalada la kaseti linatundikwa kwenye msumari wa mlango wa nje, kichwa juu. Akisema imeanguka, linatundikwa kichwa chini, shujaa akining'inia na bunduki yake kama popo, na kila apitaye njiani anajua kwamba leo Maman Numbi ameuziwa takataka.

"Maman, unaharibisha biashara yako mwenyewe," wenye kumbi nyingine walimwambia.

"Bantu banarudiaka fasi habadanganywe," alijibu, yaani watu hurudi mahali wasipodanganywa. "Kwenu banarudiaka?"

Kwao hawakurudi.

Aliyetoa hukumu kabla yangu alikuwa Papa Mukendi, karani aliyeacha kazi, mtu wa Kasai, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nailoni. Mimi nilikuwa kijana wa benchi la mbele, mbishi, mwenye kucha zilizotafunwa. Siku moja nilimkatiza katikati ya hukumu yake, na badala ya kunifukuza akaniambia nije kesho asubuhi tuonje kaseti pamoja. Kuonja ndiko kulikuwa kazi yenyewe. Asubuhi mnaangalia filamu wawili, ukumbi mtupu, ili alasiri msishangazwe pamoja na wateja.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuzima sauti. Nikadhani deki imeharibika.

"Papa, sauti imepotea."

"Haikupotea. Minyi njo nimeiondoa. Muziki iko inakuambia ulie, unalia. Inakuambia uogope, unaogopa. Sasa tuone kama film inajua kusema yenyewe."

Ijaribuni nyumbani. Filamu tisa kati ya kumi mnazozipenda ni watu wanaokimbia kwenye korido bila sababu. Ngumi ya yule mnayemwita mkali haigusi kitu. Mwenzake anaanguka kwa heshima tu. Maadui wanamshambulia mmoja mmoja, kila mtu akingoja zamu yake kama foleni ya petroli. Bunduki haimalizi risasi. Mwanamke analia dakika nzima na pua yake kavu. Na ikija filamu inayosema imetengenezwa Afrika, kuna simba barabarani na watu weusi wasio na la kusema isipokuwa kuonyesha njia kwa kidole.

Jambo la pili lilikuwa hili.

"Mutoto, unaangalia nini pale?"

"Shujaa, Papa."

"Acha shujaa. Shujaa analipwa juu ya weye umuangalie. Angalia bale ba nyuma. Ule anakufwa kule nyuma, mwenye hana jina, njo anasema kama film iko ya kweli."

Basi nikajifunza kutazama nyuma, na ninawaambia, huko ndiko filamu zinakoficha uvivu wake. Utaona maiti ikipepesa jicho, na umati wa waandamanaji ambamo mmoja anacheka na jirani yake. Nikiona haya nilikuwa nakasirika kweli, kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Papa Mukendi hakukasirika. Aliuliza maswali yake matatu, yale yale kila siku, mbele ya watu: Nani anataka nini? Inamgharimu nani? Mimi nimeamini? Kisha hukumu, kisha msumari.

Siku aliponiachia kusimama mwenyewe kwa mara ya kwanza, nilifika ukumbini tangu alfajiri. Ilikuwa filamu ya familia moja inayogombania shamba, na mara, katikati ya ugomvi, kioo kikawa cheusi. Imeisha. Watu wakaguna. Mimi nikasimama na kuwaambia kwamba huo ndio ukubwa wa filamu hii. Kwamba fundi mkubwa hamalizi hadithi, anatuachia sisi kazi ya kuimaliza mioyoni mwetu. Nilisema mengi. Nilisema neno "ukimya" mara nyingi mno. Jalada likapanda kichwa juu. Baadaye ikaletwa kaseti nyingine ya filamu ile ile, na ndani yake wakagombana, wakapatana, wakaoana, wakacheza ngoma kwa nusu saa. Yule mtu wa Lubumbashi aliyetunakilia ya kwanza alikuwa ameishiwa utepe.

Papa Mukendi alicheka mpaka miwani ikaanguka. "Ukimya," alinisalimia hivyo kwa muda mrefu. "Ukimya, umeamkaje?" Mimi sikucheka. Sikula siku ile. Niliapa sitatoa tena hukumu moja isiyo ya kweli, hata ya bahati mbaya, na kwa miaka iliyofuata nilishika kiapo hicho kama mgonjwa anavyoshika kitanda. Nilikuwa na uwezo wa kurudi kwa mteja nyumbani kwake kumwambia kwamba jana nilisema "nzuri" lakini nilimaanisha "nzuri kiasi." Watu wakaanza kuniita Juge, yaani hakimu, nusu kwa heshima na nusu kwa kunichokoza. Ninyi mnaosema "kali" kwa kila kitu, mnaposikia leo wataalamu wa redioni wakisifu filamu isiyo na mwisho, ulizeni kwanza kuhusu utepe.

Papa Mukendi hakuniona nikiitwa Juge. Mlikuwa wadogo, lakini mmesikia: Wakasai waliambiwa Katanga si kwao, waondoke. Watoto wake wote walizaliwa hapa Kamina, lakini jina lilitosha. Familia zililala kando ya reli na vyungu vyao, zikingoja treni isiyojulikana siku yake. Nilikwenda kumtafuta pale, nikamkuta. Kundi la vijana lilikuwa likipita likiimba matusi, na wengi wao niliwajua kwa mabenchi yao. Walikuwa wamejifunga vitambaa kichwani kama wapiganaji wa filamu ambazo tulizitundika kichwa chini. Kichwa chini! Hata kuiga walishindwa kuchagua.

"Wote wanaimba, Papa," nikasema.

"Hapana. Angalia bale ba nyuma."

Nikaangalia. Wa mbele mishipa ya shingo iliwatoka. Wa nyuma walifungua na kufumba midomo tu. Mmoja wao macho yetu yalikutana, akatazama viatu vyake.

"Banafungua kinywa, hakuna kintu inatoka," akasema Papa Mukendi, kwa sauti ile ile ya asubuhi zetu. "Lakini sikia, Ukimya. Hukumu sasa iko yako. Na weye unaogopa kukosea kuliko vile bengine banaogopa nyoka. Ile haiko akili. Ile iko ugonjwa."

Treni ikaja siku nyingine, ikamchukua. Filamu ile ya stesheni niliipima kwa maswali yake matatu. Nani anataka nini? Mtu mmoja mwenye kipaza sauti alitaka kiti. Inamgharimu nani? Mnajua. Nimeamini? Hata kidogo. Lakini kwa filamu ile hapakuwa na msumari.

Sasa vita, vile vya mwisho, ambavyo hata ninyi mnavikumbuka. Mji ulijaa askari, sukari ikapotea, na filamu hazikutoka tena Lubumbashi, kwa hiyo Maman Numbi alionyesha zilezile mpaka utepe ukachoka na nyuso kiooni zikawa kijani. Asubuhi moja akaja Sajini Banza, mtu mnene mwenye kicheko cha karibu, na kaseti ndani ya kitambaa safi. Ilikuwa filamu aliyoitengeneza komanda wake. Nilitazama jalada kwanza, kama kawaida. Lilikuwa na picha ya Komanda mwenyewe, akitazama mbali kwa darubini ambayo vifuniko vyake havikuwa vimetolewa.

Tukaionja: mimi, Maman Numbi na kitambaa chake cha vumbi, na Sajini aliyekaa mbele kama mtoto wa sikukuu. Nikazima sauti. Ilihusu ushindi mkubwa dhidi ya adui. Adui walikuwa askari wetu wenyewe, mashati yamegeuzwa ndani nje. Uwanja wa vita ulikuwa njia ya Kaniama, pale nyuma ya mashamba ya muhogo, na mahali fulani, nyuma ya mashambulizi, mama mmoja mwenye baiskeli na gunia la unga amesimama akingoja vita vipite aendelee na safari. Nikatazama wa nyuma. Kuna mtu alipigwa risasi kando ya mtaro, akashika kifua, akazunguka, akaanguka. Baadaye akapigwa chini ya mti. Baadaye tena mbele ya kibanda. Mtu yule yule, na kila mara, kabla ya kuanguka, alitupia jicho chini kuona kama kuna miiba.

"Sajini, huyu ni wewe."

"Iko minyi!" Uso ulimng'aa. "Umeniona?"

"Nimekuona mara tatu."

"Bantu balikuwa kidogo. Nilisaidia."

"Filamu hii ni takataka," nikamwambia. "Leo alasiri itatundikwa kichwa chini."

Kicheko kikamtoka usoni. Akamtazama Maman Numbi, kisha mimi.

"Juge, hauelewe. Komanda alisema bantu ba Kamina banajua film. Kama bo banaamini, kaseti inaenda kwa bakubwa, baone tumeshapigana, na siye tunabakia hapa kulinda depo. Kama habaamini, tunaifanya tena. Na ile mara tunaenda kuipigia fasi ya kweli, kule mbele ya Kabongo. Tutashambulia kweli, na camera nyuma."

Nikabonyeza deki irudishe utepe nyuma. Nilikuwa bado natafuta mahali pa kusimama.

"Minyi nilikufwa mara tatu mu film hii," akasema, polepole, "na mara yote nilirudi kula bukari kwa bibi yangu. Weye unataka nikufwe mara moja tu?"

Nikamgeukia Maman Numbi. Aliendelea kufuta televisheni, mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

"Minyi sina kintu ya kusema," akasema. "Nyumba iko yangu. Kinywa iko yako."

Nilikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Mtu mwingine angeona ni jambo rahisi: sema nzuri, nenda nyumbani. Hamjui. Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, nacho ni kwamba nikisema imesimama, imesimama. Na tena, ubaya wa filamu ile haukuwa wa kuficha. Wateja wangu niliwafundisha mwenyewe, kwa miaka, kutazama nyuma. Nilikuwa nimechonga macho yale, na sasa yangekaa mabenchini yakimtazama Sajini Banza.

Alasiri ukumbi ulijaa. Askari mbele, raia nyuma, Komanda katikati kwenye kiti cha sofa cha Maman Numbi. Filamu ikaanza, na muziki wa kwata wenye kelele. Kifo cha kwanza kikapita. Cha pili, nikasikia benchi la nyuma likinong'ona. Cha tatu, fundi mmoja wa baiskeli, mteja wangu wa tangu mwanzo, akashindwa kujizuia:

"Eh! Ule si tulimuzika tayari?"

Sebule ikapasuka kwa kicheko. Hata askari wawili walicheka, kisha wakakohoa. Komanda aligeuka kwenye sofa, taratibu, akatazama nyuma. Kicheko kikaisha kama jenereta iliyoishiwa mafuta. Sajini Banza alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakunitazama. Alitazama ule mlango wa msumari.

Filamu ikaisha. Mlango ukabaki umefungwa. Nikasimama kando ya televisheni, na watu wakanitazama kwa furaha, kwa sababu walijua wanachokijua na walijua kwamba mimi nakijua.

"Mmemwona mtu yule aliyekufa mara tatu," nikasema. "Mkacheka. Nawauliza: aliyekufa kando ya mtaro ni mtoto wa nani? Aliyekufa chini ya mti ni mtoto wa nani? Hamjui. Vita havituonyeshi sura. Kwa mama aliye nyumbani, kila askari anayeanguka ana sura moja, sura ya mwanawe. Aliyetengeneza filamu hii amelijua hilo. Amempa kila maiti uso mmoja. Na katikati ya vifo hivyo akaacha ukimya."

Ndiyo, nilisema ukimya. Nilikuwa naiba kwa mjinga niliyekuwa zamani, na nilijua ninaiba.

Komanda alisimama. "Njo vile!" akasema, akinyoosha kidole kwa askari wake. "Munasikia? Minyi njo nilifikiria vile! Uso moja! Nilibaambia, hamukuelewa!"

Hakuwa amemwambia mtu yeyote chochote. Lakini tangu dakika ile aliamini, na nadhani mpaka leo anaamini. Watengeneza filamu ndivyo walivyo. Mpeni mmoja wao maana asiyoiweka, ataidai kama mwanawe.

Nikauliza maswali mawili ya kwanza, nikajijibu. La tatu nikaliruka. Nikatoka, nikatundika jalada kichwa juu, darubini na vifuniko vyake ikitazama barabara ya Kamina.

Watu wakapita mlangoni mmoja mmoja bila kunigusa bega kama walivyozoea. Fundi baiskeli alisimama mbele yangu.

"Juge, leo ulikula kwa nani?"

Askari walikuwa hatua chache nyuma yake. Ningemjibu nini? Ningemwambia ukweli pale, ungefika kwenye sofa kabla yeye hajafika nyumbani. Nikanyoosha jalada kwenye msumari. Akatema mate pembeni, akaenda.

Kaseti ilikwenda kwa wakubwa. Kikosi kile kikabaki kulinda depo. Na filamu iliyofuata ukumbini mwetu, ilipoisha tu, watu wakainuka na kusukuma mlango kabla sijasimama. Iliyofuata, vilevile. Maman Numbi hakunifukuza. Alifungua mlango tu, akawaachia wapite, na baada ya muda akaanza kutundika kufuli kwenye ule msumari. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Siombi msamaha kwa yeyote. Nawaambia tu bei ya neno, ninyi mnaogawa "kali" bure kama karanga za msiba.

Sajini Banza siku hizi ni raia. Analeta samaki wakavu kutoka Kinkondja kwa baiskeli, nyuma kumefungwa vikapu viwili. Mwezi uliopita nilimkuta sokoni, na kwa kuwa vita vimekwisha na Komanda yuko mbali, nikamwambia nilichotaka kumwambia miaka yote.

"Banza, ile filamu yenu ilikuwa takataka."

Akaweka chini samaki aliyemshika. Aliumia kweli.

"Takataka? Juge, weye mwenyewe ulisema mbele ya bantu bote kama iko muzuri!"

"Nilisema uongo."

"Hapana," akasema, akitikisa kichwa. "Hapana. Bengine sijue. Lakini minyi nilikufwa muzuri."

Mkewe, aliyekaa nyuma ya vikapu na mtoto mgongoni, akamwambia anyamaze auze samaki.

Nikarudi nyumbani bila raha. Hukumu isiyo sahihi ni kama punje ya mchanga ndani ya tonge la bukari. Hata miaka ikipita, jino linaikumbuka. Basi ninyi wa pale stesheni, kwa kuwa hamna mwingine wa kuwahukumia, nitaitoa upya hukumu ile hapa. Zimeni sauti.

Nani anataka nini? Komanda anataka kuonekana. Inamgharimu nani? Mwulizeni fundi baiskeli, bado hanisalimii. Nimeamini? Hata kidogo, tangu darubini. Jalada kichwa chini, na libaki hivyo. Ila nimerudia kichwani yale mambo ya nyuma, mara nyingi, kama nilivyofundishwa, na lazima niseme kweli: kile kifo cha pili, cha chini ya mti, pale anaposhika kifua na kuyumba kidogo kabla ya kutafuta miiba, Banza alikufa vizuri.